Bunduki Moja, Mitutu Mitatu

Ukifika nyuma ya Kinango ukauliza Dzombo ni nani, utaambiwa ni yule wa filimbi. Miaka kumi na tisa amekuwa mlinzi wa ranchi, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kutangulia silangani, lile bwawa ambalo ng'ombe wa ranchi na wanawake wa kijijini hugawana maji yake, pamoja na nyati wasioalikwa na mtu. Akitazama vichakani akaridhika, hupiga filimbi, ndipo wanawake wateremke na madumu yao. Bila filimbi hateremki mtu, hata kama watoto nyumbani wanalilia uji.

Miaka yote hiyo alibeba bunduki moja kuukuu, nzito, inayopiga teke bega likavimba. Lakini nyati akipigwa nayo alikuwa analala.

Basi akaja Trevor, meneja mpya kutoka bara, viatu vyake havijawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe na mdomo haufungi. Alikuja na sanduku jeusi la plastiki, ndani mna bunduki moja na mitutu mitatu: mwembamba wa kupigia shabaha, wa kati wa fisi, mnene wa nyati. Unafungua kwa spana, unachomoa huu, unachomeka ule, unabadilisha na magazini, kwisha. Bunduki moja inafanya kazi ya tatu, akasema, na mkono unazoea kitako kimoja. Ile kuukuu ya Dzombo ikarudishwa serikalini wiki hiyo hiyo.

Sitasema uongo, Dzombo mwenyewe aliipenda. Nyepesi, imemkaa begani utadhani fundi alimpima kwanza, na risasi za ule mtutu mwembamba ni za bei ndogo, mtu afanye mazoezi mpaka achoke. Lakini kila ukibadilisha mtutu shabaha lazima ipimwe upya, na spana ni moja tu, nayo ilikaa mfukoni mwa Trevor pamoja na funguo za gari. Mlinzi aaminiwe kuwalinda watu na nyati, spana asiaminiwe! Siku ya mafunzo Dzombo alichomeka mtutu ukakataa, na Trevor akacheka mbele ya wanawake waliokuwa wakipita, akasema mzee huyu arudishiwe upinde wake. Wanawake nao wakacheka. Kanze, mke wa ndugu yake, alicheka kuliko wote, maana shemeji hutaniwa. Dzombo alitabasamu, lakini neno lile lilimchoma na halikumtoka.

Jumapili moja Trevor akaleta wageni kutoka hoteli za Diani. Wakashinda wanapiga chupa kwa mtutu mwembamba, wanapigana picha, wanachekeana. Jioni akaondoka nao kwenda Ukunda, na sanduku la mitutu na spana vyote vimo garini. Bunduki akaiacha stoo vile vile ilivyokuwa, na ule mtutu mwembamba.

Alfajiri ya Jumatatu Dzombo akafungua stoo akaiona. Akapiga simu. Trevor, sauti imejaa usingizi, akamwambia aache uoga, mlio peke yake unatosha, kwani nyati anajua tofauti ya mitutu? Mtu amelala chini ya feni Ukunda, anamfundisha mlinzi wa silanga habari za nyati. Ningekuwapo ningemtukana.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Dzombo pia, tena sana. Angesimama akasema leo sipigi filimbi, bunduki hii haifai. Wanawake wangenung'unika, wangengoja, yakaisha. Lakini walikuwa wamekwisha kujipanga juu ya ukingo na madumu yao, na Kanze akamuuliza kwa mzaha kama leo imemshinda tena kuiunga. Dzombo akaona haya. Akavitazama vichaka harakaharaka, akapiga filimbi.

Nyati alikuwa amelala kwenye matete upande wa pili. Alipotoka, Dzombo alimpiga mara mbili, na mara zote mbili alimpata begani. Vile virisasi vilimwongezea hasira tu. Wanawake walitupa madumu wakakimbia. Kanze, aliyekuwa amelifunga lake mgongoni, hakuwahi kulifungua. Nyati alimvunja nyonga, akamrusha matopeni, kisha akajiendea zake vichakani.

Trevor alifika adhuhuri, na karatasi ameiandika tayari: bunduki haina kasoro, mlinzi alikosa shabaha kwa papara. Akamwambia Dzombo atie sahihi, kazi yake itabaki. Mtutu mnene ungefungwa Ijumaa, fundi wa kuupima shabaha akija. Mpaka siku hiyo Abubakar, mlinzi wa geti, angechukua bunduki ile ile na kuwapigia wanawake filimbi kuanzia kesho. Dzombo aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema atafikiri.

Alifika hospitali Msambweni jua linakaribia kutua. Kanze alikuwa amelazwa chali, mguu umefungwa, uso umemvimba. Dzombo njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, kwamba nyati alitokea ghafla, kwamba ni mipango ya Mungu. Alipoanza kutoa pole, Kanze akamkatiza.

"Shemeji, ulijua kwamba bunduki ile haimuui nyati?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kusikiliza. Kusema hakujua kulikuwa rahisi, na karatasi ya Trevor ingemsaidia.

"Nilijua," akasema. "Niliona haya kuwaambia."

Kanze, hana mzaha hata chembe, akageuzia uso ukutani.

"Basi usikae hapa unaniangalia," akasema. "Nenda ukawaambie wenzangu, kabla hawajateremka kesho."