Spika ya Dirishani kwa Mang Burcio

Onyong, fundi wa amplifaya mtaani kwetu, alikuwa na ulimi wa pilipili. Ukimpelekea sanduku lililoandikwa wati mia tano, alilifungua akakuonyesha chipu moja ndogo.

“Hii ndiyo inayofanya kazi yote. Wati hamsini, dada. Hizo nyingine ni wino.”

Kisha alikuhubiria joto: chipu ikizidishiwa mzigo inachemka, ikifika kikomo inajizima isiungue, na haiwaki mpaka ipoe. Tulimwita daktari wa homa.

Mimi, Sela, ni mwimbaji mwenza wa mama yake, Aling Pacing; kwetu wanawake wazima tunawaita Aling kwa heshima, wanaume Mang. Kila Juma Kuu tunaimba Mateso ya Bwana kibandani, kando ya kijito. Kitabu kikishafunguliwa hakifungwi mpaka mstari wa mwisho. Koo likichoka, jingine linapokea. Mwaka mmoja mume wa Pacing, Mang Burcio, alikuwa hoi kitandani ng'ambo ya kijito. Hakuweza kuongea tena, lakini akisikia sauti ya mkewe alifuata wimbo kwa kidole. Pacing alitaka kitu kimoja tu: mzee aiage dunia akimsikia.

“Baba yako atasikia?” alimwuliza mwanawe.

“Atasikia hadi unavyovuta pumzi, Mama.”

Onyong akavuta waya juu ya kijito, akafunga spika ya pili dirishani kwa baba yake, kwenye amplifaya ileile. Yeye, aliyezoea kutukaripia kwa kosa hilohilo!

“We, si ulisema spika mbili zitaikaanga?” nikamwuliza.

“Bibi Sela, we imba. Ufundi niachie mimi.”

Alhamisi Kuu, jua la utosi, Pacing akaleta kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, akaifunika amplifaya. Kwetu chombo cha umeme hakiachwi uchi, seuze mbele ya msalaba. Matundu ya hewa yote yakazibwa. Onyong aliona. Aondoe kitambaa cha mama yake mbele ya wanawake wote? Akakiacha. Nami niliona, nikaendelea kunywa chai yangu ya tangawizi. Sijisamehe.

Zamu ya Pacing ikafika. Ubeti wa tatu, spika zote mbili zikakata.

Pacing hakusimama, kitabu hakisubiri. Akaimba kwa koo tupu, mishipa ya shingo imemtoka, uso ameuelekeza ng'ambo. Onyong alikwapua kitambaa, akapepea kwa kofia, jasho linamtiririka.

“Inapoa, Mama! Dakika kumi tu!”

Sauti iliporudi, mkewe Onyong, Dely, aliyekuwa akimwuguza mzee, alikuwa amesimama kwenye kidaraja cha kijito, miguu mitupu. “Mzee amekwenda,” akasema.

Pacing alimaliza ubeti, akanipa kipaza sauti, akamfuata Dely. “Alinisikia?”

“Alikusikia, Mama.”

Baadaye Dely alimwambia mumewe ukweli. Spika ilipokata, mzee aligeuza uso dirishani, kidole kikabaki hewani kikitafuta.

Onyong bado anatengeneza amplifaya, ila hakejeli tena masanduku ya watu. Juma Kuu lililopita nilimkuta amesimama kwenye kidaraja kile, anatazama kibanda.

“Nimehesabu, Bibi Sela,” akasema. “Toka kitandani kwa Baba mpaka kwenye kiti cha Mama ni hatua sitini na mbili. Na alikuwa amekonda, mwepesi kabisa. Ningembeba tu.”