Chumba cha Bure Kule Juu

Ipo siku moja ya mnada wa Karatu ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa mengi ya ujana yamenitoka, hata majina ya mabosi walionifokea. Siku hiyo niliteremka kutoka Ngorongoro juu ya lori la mahindi, shati limepigwa pasi, nikijiona mjanja kuliko vijana wote wa kijijini kwetu Daa.

Baba yako ameniambia umepata kazi hotelini, kule ukingoni mwa kreta, na sasa unapiga hesabu: ukae vyumba vya wafanyakazi hukohuko juu, au upange Karatu mjini uwe unapanda gari la wafanyakazi kila alfajiri. Amekutuma kwangu kwa kuwa mimi, baba yako mkubwa, nilikuwa dobi wa kule mpaka nikastaafu. Hajakosea. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa na umri wako, na nilipata jibu safi kabisa.

Enzi zetu gari la wafanyakazi halikuwepo. Aliyepanga Karatu alilipa kodi, akanunua maji ya ndoo, mkaa na unga, halafu asubuhi akasimama barabarani kuomba lori, na dereva hapandishi mtu kwa uzuri wa sura. Kule juu chumba bure, makande bure, na kazini unafika kabla usingizi haujakutoka. Mimi nami tangu mtoto ni mtu wa ndani. Mama alikuwa akisema hata kuku wake wanatembea kunizidi. Nikachagua juu.

Sasa, Karatu nilikuwa na mchumba, Paskalina, fundi cherehani. Tulikubaliana niteremke kila mnada. Mwanzoni niliteremka. Baadaye nikaanza kupiga hesabu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, nyama ya kuchoma, soda. Nikaona nikiruka mnada mmoja napata bati la nyumba yetu. Nikaruka. Nikaruka na mwingine. Jioni nilikaa na ukungu, mashuka ya wageni hayakauki, na nyati analala nje ya dirisha langu. Jirani wa miaka yote, na hakuwahi kuniuliza nimeamkaje. Nikajipa moyo kwamba najenga.

Kwa hiyo siku ile ya lori nilikuja na habari njema. Nilimkuta Paskalina barazani kwa mama yake, anashona. Nikamweleza kuwa bati zimetosha, kwa sababu sikupoteza hela za kuja huku ovyo.

Hakusimamisha cherehani. "Za kuja huku ovyo," akasema.

"Nilikuwa nabana matumizi, Paskalina."

"Kumbe mimi ni matumizi!"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Mama yake alikuwa pembeni anapeta maharage. Akaweka ungo chini.

"Keti, baba. Yule kijana wa mashine ya kusaga unamjua? Anapita hapa kila jioni, amejaa unga mpaka kwenye kope. Bati hana hata moja. Lakini nilipolazwa ndiye aliyeniletea uji. Wewe tulikuulizia kwa madereva, wakasema upo, mzima, umekaa ndani."

"Mama, sikupata habari."

"Ungeipata wapi? Huko kwako hata habari inataka nauli."

Paskalina akakata uzi kwa meno. "Bati zako ni nzuri," akaniambia. "Tafuta wa kukaa chini yake."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipojua yamekwisha. Mavuno yalipoisha akaolewa na yule wa mashine.

Nikarudi juu, nikakaa mpaka kustaafu. Nyumba nilijenga, hii hapa Karatu unayoiona. Siku ya kwanza nafungua mlango wangu, jirani akapita: "Shikamoo mzee, unamtafuta nani?" Nikamjibu namtafuta mwenye nyumba. Tukacheka. Yeye akaenda kwake kulikokuwa na kelele za watoto, mimi nikaingia ndani. Hadi leo mkate nanunua duka moja na sukari duka jingine, ili nisalimiwe mara mbili.

Panga Karatu, mwanangu. Kodi itakuuma, na baridi ya alfajiri itakutukana. Kule juu utabaki na hela zaidi, sikudanganyi. Lakini ukilinganisha mahali pa kukaa, ukishajumlisha kodi na nauli, jiulize pia: nikiugua hapa, nani atagonga mlango? Na nauli ya kwenda kwa mtu anayekungoja usiiweke upande wa hasara. Mimi niliiweka huko.

Nenda sasa, gari lisikuache. Mungu akupe chumba chenye ukuta mwembamba, na majirani wambea wanaojua ulichopika. Akupe na mtu wa kukuuliza kila jioni mbona umechelewa, hata siku ambayo hukuchelewa.