Wiki Mbili za Kupumzisha Vidole vya Mama

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ungeweza kuifunika kwa kiganja, na juu yake ilikuwa na kioo chenye taa nyekundu. Nilipewa pamoja na mwavuli, meza na fulana iliyonibana kwapani, nikawekwa karibu na stendi ya Mbinga kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Soko huria lilikuwa limetuletea kampuni za simu kila moja na mwavuli wake na rangi yake, na sasa Serikali ilitaka kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Asiyesajili hadi mwisho wa mwezi, laini yake inafungwa.

Nilifundishwa siku moja tu, lakini nilijibu maswali kama vile mashine nimeiunda mwenyewe. Na watu wa kwetu wanauliza. Mapacha wanafanana vidole? Hawafanani, hata kama mama yao mwenyewe huwachanganya majina. Mashine inapiga picha? Inapiga, halafu inatafuta mahali mistari inapoachana na inapokomea, inalinganisha na alama tulizotoa wakati wa kitambulisho cha taifa. Asiyeelewa nilimwambia asimame pale kijijini Ruanda atazame mlima wa ng'ambo ulivyolimwa ngolo, yale mashimo yetu yenye matuta kila upande. Hakuna shamba linalofanana na la jirani. Na nikijikata? Kidonda kidogo kikipona, mistari inarudi ileile. Mzee mmoja wa Kigonsera aliniuliza kwa sauti ya chini kama mashine inaweza kumwambia mkewe kwamba ana laini ya pili. Nikamjibu kwamba mashine haisemi, anayesema ni mimi. Akaenda kusajili kwenye mwavuli wa jirani.

Kilichofuata kilikuwa kosa langu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na watu walinijia na vidole vyenye utomvu hadi kioo kikawa kinanata. Nikachukia. Nikampigia katekista wa kijijini kwetu, upande wa Mapera, nikamwomba atangaze baada ya Misa kwamba wanaokuja kusajili wanawe mikono vizuri sana. Katekista akatangaza, akaongeza na lake, kwamba mashine ya Serikali haitaki hata chembe ya uchafu.

Jumatatu asubuhi wakaja wanawake saba, Mama yangu akiwa mbele. Mikono iling'aa kama sufuria za harusi. Walikuwa wameisugua kwa majivu, wakarudia kwa mchanga, wakamalizia kwa lile jiwe la kusugulia visigino.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Tumenawa."

Nikashika kidole gumba chake, nikakiweka kwenye kioo. Haisomeki. Cha shahada, haisomeki. Nikawapima wote saba na hakuna aliyesomeka hata mmoja. Ile mistari niliyokuwa naihubiri walikuwa wameing'oa nyumbani kwa jiwe, kwa utii.

Wale sita niliwaambia wapumzishe mikono siku chache, nao wakarudi wiki ileile, wakapita. Mama hakupita. Alikuwa amesugua mara mbili ili asiniaibishe kazini, na miaka yote ya jembe na kahawa ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya mistari kabla hata ya jiwe. Na laini ya Mama haikuwa laini ya kufungwa.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, aliteremka Mbamba Bay kufanya biashara ya usipa, wale dagaa wa ziwani, akavuka ziwa kwenda Malawi, akakaa huko. Mara mbili tatu kwa mwaka alipiga simu, kila mara kwa simu ya kuazima. Ukiipigia namba hiyo kesho yake, anapokea mtu anayesema Kichewa na hamjui. Sisi hatukuwa na njia ya kumpata. Yeye alikuwa na namba moja tu kichwani, ya Mama. Ya kwangu nilikuwa naibadilisha kila kampuni ilipotoa ofa, na nilijiona mjanja. Nilifikiria kuihamisha laini ya Mama iwe kwa jina langu, lakini hata hilo lilihitaji kidole chake kwanza.

"Sasa nifanyeje?" Mama akaniuliza.

"Upumzike wiki mbili. Usishike jembe, usichume kahawa, usisugue sufuria. Ngozi itaota."

"Kwani naumwa nini?"

Nikafunga mwavuli, nikaomba ruhusa, nikaenda kijijini kufanya kazi zake. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuchuma. Kumbe ilikuwa kumkalisha Mama.

Kwetu mwanamke mzima hakai mkekani mchana, mikono mapajani, wakati kahawa imeiva. Akikaa hivyo, ujue amefiwa. Siku ya pili jirani yetu alipita njiani na kikapu, akamwona Mama amekaa, mikono ameipaka mafuta, na mimi nadeki nyumba. Akatua kikapu. Akaja akaketi chini kando yake, akainamisha kichwa.

"Poleni," akasema.

Mama akashtuka. Moyo wake ulikuwa ng'ambo ya ziwa siku zote, na sasa mtu amekuja na pole. "Umesikia nini?" akauliza.

"Sijasikia. Nimeona tu."

"Umemwona wapi?"

Jirani akaanza kulia, kwa adabu, kama anayemsaidia mfiwa. Mama naye akalia kwa nguvu. Nilitoka mbio na tambara mkononi, nikawakuta wamekumbatiana, kila mmoja akimsubiri mwenzake ataje marehemu. Ilinichukua muda kuwaeleza kwamba kinachouguzwa pale ni vidole. Jirani akafuta machozi, akakasirika kidogo, maana alikuwa ameacha kahawa yake. Mimi nilicheka jikoni peke yangu, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilikuwa nimeona uso wa Mama alipouliza umemwona wapi.

Mama naye hakuwa mgonjwa mwaminifu. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya nyumba ameinamia mkahawa, anachuma kwa kutumia viwiko na meno. Nikamwambia atafungiwa laini. Akatema tunda. "Mistari iko kwenye vidole," akasema, "kwenye meno haipo. Si wewe uliyenifundisha?"

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi nilimpeleka Mbinga mjini. Nilimfunga mikono kwa kanga njia nzima, asije akamsaidia mtu mzigo. Tukakaa chini ya mwavuli. Kidole gumba cha kulia, haisomeki. Nikapangusa kioo, nikampulizia ncha za vidole pumzi ya moto, maana baridi ya kwetu inakausha ngozi. Haisomeki. Mkono wa kulia ukaisha. Wa kushoto, vidole vinne, bila jibu. Nikaanza kulia mbele ya wateja, na fulana yangu ya kampuni.

"Kimebaki hiki," Mama akasema, "lakini hiki ni kibovu."

Kilikuwa kidole chake kidogo cha kushoto, kilichopinda kuelekea nje. Huwa anakificha, hata mimi nilikuwa nimekisahau. Mdogo wangu alipokuwa na miaka mitano alivunja chungu, akakimbilia ndani akiikimbia fimbo, akabamiza mlango, na kidole cha Mama kilikuwa kwenye fremu. Tangu hapo hakikunjiki. Hakishiki jembe, hakichumi kahawa, na hata siku ya jiwe kilisimama pembeni.

Nikakilaza kwenye kioo taratibu. Taa ikageuka kijani.

Mama hakushangilia. Alikitazama kile kidole muda mrefu. "Nilimchapa sana siku ile," akasema. Halafu akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda kuchuma.

Simu ililia Desemba, tukiwa tumekaa kwa chakula. Namba ngeni. Mama akaishika kwa mikono miwili. Hakuuliza uko wapi, hakuuliza unarudi lini. Alisema, "Mwanangu, ile siku ya mlango nilikuchapa bure. Unisamehe."

Tukaisikia sauti ya mdogo wangu, nzito kuliko tulivyoikumbuka.

"Mlango gani, Mama?"

Mama akaanza kucheka, yule naye akacheka bila kujua anacheka nini, wakacheka hivyo hadi salio la watu likaisha na simu ikakatika. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya Mama muda wote na namba yangu nimeiandika kwenye karatasi, ile ambayo sasa siibadilishi, nikisubiri zamu yangu ya kumsomea.