Tangi Lililorudi Limejaa

Enzi zetu Malindi, sahani ya jirani hairudi tupu. Bi Zena, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akituletea kaimati za kufuturia, sahani yake ilikaa kwetu mpaka mama apate cha kuitilia: ndimu, mayai, sukari ndani ya kipande cha gazeti, hata chumvi kama hali ni mbaya. Na hukusema umetia nini. Ulipiga hodi, ukaweka, ukaondoka. Mama alitufunza hayo kwa maneno na kwa makofi. "Ukitangaza ulichotoa, hukutoa, umeuza," alikuwa akisema. Nyinyi wa rika langu mwayajua haya. Watoto wetu watayajulia wapi? Chakula chao huletwa mlangoni na kijana wa pikipiki ambaye hata salamu hana, na mkebe wake huenda jaani. Siwacheki sana, lakini. Ada hiyo ya sahani naipenda mpaka leo, na ndiyo hiyo hiyo iliyoniulia kaka yangu.

Kaka Athmani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ng'ambo ya mto Sabaki, ndani kabisa, kwenye mchanga. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi na mama hatukuwa na mwengine ila yeye. Basi la kwenda huko lilipita likitaka, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia ahamie huko huko au atafute kazi nyengine. Mama alikonda kwa fikira. Ndipo kaka akanunua pikipiki kuukuu ya porini kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ndefu, haina taa ya nyuma, kiti chake kimeliwa na panya, na rangi yake huwezi kuitaja. Watu wa mtaa walicheka. Kwetu sisi haikuwa kichekesho, kwa sababu pikipiki ile ikienda, kaka atalala nyumbani kila siku.

Wakubwa wenzangu mwazikumbuka pikipiki za namna ile. Hazinywi petroli tupu. Petroli huchanganywa na oili, na oili hiyo ndiyo inayoizuia injini isijisage yenyewe. Ile ya kaka ilikuwa na pampu ya kujichanganyia, lakini ilikufa zamani, kwa hiyo yeye alichanganya kwa mkono, akipima kwa kikombe cha kahawa alichokinyakua kwenye sinia ya mama. "Kikombe hicho kisirudi jikoni kwangu," mama alisema, na hakikurudi. Na moshi wake, lo! Moshi wa buluu, mzito, ulijaa ua mzima na kuingia kwenye kanga zilizoanikwa. Mama alitoka nje akiziba pua. "Wenzangu wafukiza udi, mimi nafukizwa oili!"

Kila Jumamosi kaka aliipasua pikipiki ile uani. Alisugua plagi kwa msasa, alipuliza kabureta mpaka mashavu yakamuuma, na ekzosi aliitia kwenye moto wa vifuu ili masizi ya ndani yaungue. Chujio la hewa lilikuwa limeoza, basi akakata sponji kwenye godoro langu akatengeneza jengine. Nililia. "Nyamaza, Mwanaisha," akanambia, "ubavu wako utaumia kidogo, lakini nduguyo atafika kazini." Mwisho akaagiza ringi mpya za pistoni kutoka Mombasa, akazitia mwenyewe, huku akiapa mbele ya mama kwamba sasa pikipiki haitakula mafuta hovyo wala haitatoa moshi. Mama akamwambia inshallah, kwa ile sauti ya mtu asiyeamini.

Siku ile ile alipomaliza kutia ringi, tukasikia kilio kwa Bi Zena. Shemeji yake amefariki, amu yake Salimu. Salimu huyo ni mtoto wa Bi Zena, na yeye na kaka waliingia jandoni siku moja. Simu zilikuwa za wenye nazo. Mtu akifa, mtu huenda kwa miguu yake kupeleka habari. Jamaa zao wengi walikuwa Tezo, mbali na mji, na maiti haisubiri. Kaka hakungoja kuombwa. Akamtolea Salimu pikipiki, akamfundisha gia pale pale mlangoni, akamwambia, "Tangi limekaribia kujaa, mafuta yaliyomo yatakufikisha na kukurudisha. Nenda." La oili hakulitaja, kwani halikuwa na haja.

Salimu alienda Tezo akarudi. Alipoingia mjini tangi lilikuwa karibu kukauka, akapita penye petroli akalijaza mpaka juu, kisha akaiegemeza pikipiki kwenye ukuta wetu na kukimbilia maziko. Hakusema neno. Angesemaje? Nani hutangaza alichotia kwenye sahani ya mwenzake?

Jumatatu asubuhi kaka aliitikisa pikipiki, akasikia tangi ni zito. Akaanza kucheka peke yake. "Mama! Njoo uone maajabu! Tezo kwenda na kurudi, na mafuta karibu yote yamo! Si nilikwambia, ni zile ringi!" Akaipiga teke ikawaka. Moshi ukatoka mwembamba, kisha ukakatika kabisa. Mama alisimama mlangoni na kanga zake mkononi, akasema mashallah, leo nguo zake zimesalimika. Kaka akapanda na kuondoka, kifua mbele, na sisi tukamshangilia. Kila nikikumbuka kwamba tulimshangilia, moyo huniuma upya.

Ng'ambo ya daraja la Sabaki injini ilishikana. Gurudumu la nyuma likakwama ghafla naye yumo mbioni, akarushwa kwenye mawe. Lori la mchanga lilimleta hospitali angali hai.

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda Salimu alipoingia. Alilia kama mtoto. "Athmani, ndugu yangu! Nami nilikujazia tangi pomoni, petroli safi, ili Jumatatu usihangaike. Kumbe safari yenyewe ni hii!" Kaka alimtazama, akamtazama tena. Halafu akasema, "Ahsante, Salimu. Mwenyezi Mungu akulipe."

Salimu alipotoka, kaka akamwita mama karibu, akamweleza kwa taabu. Petroli ile ilikuwa tupu, haina oili hata tone, na ndiyo sababu moshi ulikatika. "Nami nikajiona fundi, Mama," akasema, na akajaribu kucheka. Kisha akamshika mkono. "Salimu asijue. Akijua, hataishi." Mama akamwambia, "Hatajua, mwanangu." Kaka alifariki Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri.

Siku za msiba Bi Zena ndiye aliyetulisha. Baada ya matanga nilichukua sahani yake nikaiosha, nikaelekea mlangoni nayo hivyo hivyo, tupu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mama akanidaka mkono. "Sahani ina kosa gani?" akaniuliza. Akaitia sukari, nayo ndiyo yote tuliyokuwa nayo, akanisukuma niende. Mwaka hadi mwaka sahani zikaenda na kurudi, na mama hakusema. Nilimwona akizeeka na neno lile mdomoni.

Naye ameshatangulia. Katika matanga yake Salimu alikuja na mkongojo, babu wa watu sasa, akakaa kwenye jamvi. Akasema lile analolisema katika kila msiba wetu, mbele ya watu wote: "Athmani alinistiri siku ya shida, nami nikamrudishia pikipiki yake tangi limejaa. Hilo ndilo linaloniliwaza." Wazee wakaitikia kwamba ni kweli, wema hauozi.

Mwanangu ni dereva wa boda, na kisa hiki anakijua. Akaninong'oneza, "Mama, kwa nini humwambii? Ukweli si ukweli?" Vijana wa leo wakijua jambo asubuhi, kufika adhuhuri limo kwenye simu za mji mzima. Nikamwambia apeleke chai. Sisi tulifunzwa kutia na kunyamaza, na wakati mwengine tulilipia kwa damu yetu, na hata hivyo nautamani ulimwengu ule.

Salimu aliponyoosha mkono kuniaga, nikaushika kwa mikono yangu miwili.

"Ndiyo, Kaka Salimu," nikamwambia. "Lilijaa pomoni."