Walifunga kwa Daku

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali ya mjini, msichana wa haraka na maringo yake. Profesa wa utabibu alikuja kutoka ng'ambo kutafiti kwa nini wanene wengi hushikwa na kisukari, akanichagua mimi nimsaidie. Alivuta tone la mafuta kwa sindano karibu na kitovu cha mgonjwa, akaliweka chini ya hadubini, akaniita. Nilipochungulia moyo ulinidunda. Chembe za mafuta zilikuwa za duara, zimebanana kama mayai ya samaki. Alinieleza kwamba mtu akinenepa chembe zile huvimba, na zikivimba sana mwili hushindwa kuiondoa sukari damuni. Siku ile nilisahau hata kula.

Tulihitaji wanawake wanene, nami nilijua pa kuwapata: kwetu Chukwani. Mama yangu alitangulia mbele, maana unene wake aliuhesabu neema na hakuuonea haya. Profesa aliwataka waje asubuhi mapema, hawajala tangu usiku. Nikawaambia wafunge kama Ramadhani, nikajiona fundi wa kufasiri.

Matokeo yalituchengua. Kila damu tuliyoipima, sukari juu. Profesa alizunguka chumba akipiga makofi, akasema utafiti huu utasomwa dunia nzima, nami nikajiona nimeula.

Jioni nilimpelekea mama habari kwamba sukari yake nayo iko juu, nikiwa bado nacheka. Akaupapasa mguu wake. Dada yake alikufa kwa kisukari, mguu umeshakatwa, nami kwa furaha zangu nilikuwa nimemsahau. Nikaona aibu. Kwa kubahatisha tu nikamuuliza kama alikula chochote kabla ya kuja.

"Daku tu," alisema. "Ndizi mbivu za nazi na chai. Ntafungaje bila ya daku?"

Nikawapitia na wenzake: wote walikula daku, tena la kushiba, alfajiri ile ile. Kosa lilikuwa langu. Ningenyamaza ningebaki msaidizi wa profesa, na mama angebaki mgonjwa wa bure. Kesho yake nilimwambia profesa kila kitu. Alikunja uso, kisha akaagiza turudie wote.

Wiki iliyofuata walikuja na matumbo matupu, wakininung'unikia. Damu ya kwanza, sukari ya kawaida. Ya pili, kawaida. Nilipiga kigelegele mle mle maabara, na profesa mwenyewe akacheka. Kila jina la aliyekutwa mzima nililifuta kwenye orodha ya wagonjwa kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Damu ya mama niliiweka mwisho, nimalizie kwa raha.

Sukari yake haikushuka. Niliipima mara tatu.

Nilimfuata ukumbini alikokaa na wenzake, nikamwambia kwa sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajitanda kanga yake vizuri.

"Basi daku mmeninyima bure," alisema, akanishika mkono.