Lile taji la ukindu mlilolipenda: niliukata mkeka wa mama mkwe

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaosoma mmejilaza.

Kuna uzi niliuweka humu wiki kadhaa nyuma, wa vitu vya kutengeneza na watoto nyumbani bila gharama. Wengi mliupenda, hasa ile picha ya mwisho, binti yangu kavaa taji la ukindu la zambarau na nyekundu. Mdau mmoja akaniita baba wa mfano. Nikamjibu asante mkuu, tunajitahidi.

Leo nimekuja kuwaeleza lile taji lilitoka wapi. Nimeona aibu hata kuufungua tena ule uzi. Nitasema kweli tupu, na kuna mahali nitajaribu kujisafisha, mtapaona wenyewe.

Kwa wasionijua, nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Kibiti, karibu na stendi. Mimi kwetu Umwe, mke wangu kwao Mohoro. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Nasra, ana miaka mitano, mdomo wake ni wa miaka hamsini.

Mke wangu alijifungua wa pili kwa upasuaji. Akaambiwa asiinue ndoo, asiiname, asifue. Basi mama yake akaja kumuuguza mpaka arobaini itoke. Aliacha mpunga wake ndio kwanza unaanza kuzaa, akamwachia mwanawe wa kiume kazi ya kuamia ndege, akaja kukaa kwenye nyumba yangu ya vyumba viwili.

Wakuu, yule mama ni mtu. Alfajiri maji yako motoni, uji wa mzazi uko tayari, nepi ziko kambani. Nilikuwa nakuta mpaka viatu vyangu vimefutwa vumbi.

Sasa, ukwe mnaujua. Sisi huku mkwe na mama mkwe hawakai wakapiga soga. Shikamoo nampa kwa mbali, macho chini. Chumba anacholala sikanyagi. Nikitaka jambo namwambia mke wangu, mke wangu anamwambia mama yake, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Ndiyo heshima, na mimi nimeikuta.

Nasra naye akaanza visa. Mdogo wake akibebwa, yeye anajimwagia maji. Mdogo wake akilala, yeye anaimba. Nikaona huyu anatafuta mtu wake. Ndipo nikaanza kurudi mapema na kukaa naye uani tukitengeneza vitu.

Hapo sijutii chochote. Tulifanya kititia cha majani ya mnazi, unakunja jani, unachomeka mwiba katikati, mtoto anakimbia nacho kinazunguka. Tukafanya gari la kopo la maziwa, matairi ya kandambili kuukuu, ekseli ni njiti za chelewa kutoka kwenye fagio. Tukafanya wanasesere wa mabunzi ya mahindi, tukawavisha vipande vya kanga iliyochakaa. Gundi ni unga wa ngano na maji, unakoroga jikoni mpaka inakuwa nzito. Mlioniuliza kuhusu sembe, sembe ikikauka inabanduka, msijisumbue.

Na kila tukimaliza, picha. Nakiri nilianza kufanya kwa ajili yenu kuliko kwa ajili ya Nasra. Naangalia simu kila saa, nani kapenda, nani kakomenti. Mtoto ananiita baba, mimi nasoma sifa.

Basi siku hiyo vifaa vikaisha. Mama mkwe alikuwa kaenda hitima kwa jirani. Mke wangu kalala na kichanga. Nasra akaingia chumba cha bibi yake, akatoka na bunda la ukili, limeviringwa kama tairi la baiskeli. Zambarau, nyekundu na nyeupe, umesukwa umebanana, huoni hata pa kupitisha sindano.

Kwa msiojua, mkeka wa ukindu hausukwi mzima. Unasuka kwanza ukili, utepe mmoja mrefu sana, ndiyo kazi ya miezi. Ukishatosha unaushona wenyewe kwa wenyewe mpaka unakuwa mkeka. Ukiukata katikati, pale ulipokata panafumuka.

Hayo nayajua. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msukaji.

Lakini kumuuliza mama mkwe ni mpaka nimwamshe mke wangu, mke wangu amsubiri mama yake arudi, jibu lizunguke lije. Na jua lilikuwa linashuka, picha ingetoka mbaya. Nikachukua mkasi.

Nilikata taji. Nikakata bangili. Nikakata mikanda ya wanasesere wote wa mabunzi. Nasra akasimama kwenye mwanga, nikapiga, nikawawekea humu. Mengine mnayajua, mlinisifia mpaka usiku.

Mama mkwe aliporudi, Nasra alimkimbilia na taji lake kichwani. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, natabasamu kabisa. Yule mama akasimama, akalitazama lile taji, akaligusa. Bibi na mjukuu hutaniana kuitana wake wenza, basi akamwambia, "Umependeza, mke mwenzangu." Akainama, akaokota vipande vilivyobaki chini kimoja kimoja, akavitia kwenye pindo la kanga, akaingia ndani.

Sikusikia neno jingine usiku ule. Nikadhani yameisha.

Asubuhi nakuta begi lake liko sebuleni, limefungwa. Mke wangu kakaa kitandani analia, mkono kaweka kwenye mshono.

Akaniambia mama anaondoka na gari la kwanza la Mohoro. Nikauliza kuna nini, mpunga umeliwa na ndege? Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Akasema mama kasema ujumbe ameupata.

Ujumbe gani? Wakuu, ilinichukua muda kuelewa.

Siku chache kabla yake nilikuwa uani naongea na rafiki yangu kwenye simu, nikamwambia nyumba imejaa, natamani nikalale kibandani. Utani wa wanaume. Dirisha la chumba cha mama mkwe liko palepale. Alisikia, akanyamaza. Halafu anarudi hitimani anakuta ukili wake umekatwakatwa na mimi nimesimama natabasamu.

Sasa fikirieni. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake usoni kwamba akae au aondoke. Atafanya kitu tu, na mwenye akili ataelewa. Na yeye alielewa. Kwa alivyoelewa yeye, nilikuwa nimemfukuza kwa adabu.

Na ule mkeka ulikuwa wa nani? Wa mjukuu wake mchanga. Aliuanza siku aliyosikia mimba, akausuka huko Mohoro, akaja nao ili aumalizie hapa, mtoto akitolewa nje kwenye arobaini alazwe juu yake.

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwambia mke wangu nenda kamwombe radhi, mwambie haikuwa hivyo. Akajikongoja akaenda. Akarudi na jibu, mama anasema hana neno. Wakuu, mkwe akitukana kuna pa kuanzia. Akisema hana neno, mlango umeshafungwa.

Kawaida mambo ya ukwe yakiharibika unamtafuta mshenga. Mshenga wangu anaishi Ikwiriri na simu yake haikupatikana. Gari la Mohoro haliwezi kumsubiri mshenga.

Basi nikafanya nilichoweza. Mama mkwe alikuwa jikoni, kile kibanda cha uani, anamwachia binti yake uji wa mwisho. Nikakaa chini nje ya mlango, nikampa mgongo ili nisimtazame, nikamwita Nasra akae mbele yangu. Nikaanza kuongea na mtoto kwa sauti ya kusikika ndani.

Nikasema, "Nasra, mwambie bibi, wewe uliniletea ule ukili, na baba hakujua ni wa nini."

Nasra akanitazama. Taji bado liko kichwani, alilala nalo.

Akasema, "Ulijua. Nilikwambia ni mkeka wa mdogo wangu. Ukasema bibi atasuka mwingine."

Hapa ndipo nilipotaka kujisafisha, wakuu. Mkirudi juu mtaona kuna kipande nimekiruka. Mtoto alinionya. Mkasi nimeshaushika, akaniambia baba huo wa mdogo wangu, na mimi nikamjibu vile huku natafuta upande wenye mwanga. Mke wangu sikumwambia. Nyie sikuwaambia. Na nilikuwa tayari kumtwisha mtoto wa miaka mitano mzigo wangu, huku bibi yake anasikia.

Kule jikoni mwiko umeacha kugonga sufuria. Mimi machozi yananitoka, mwanaume mzima nimekaa mavumbini.

Nikasema, safari hii bila kumpitishia mtoto, nikiwa bado nimempa mgongo, "Mama, nimekukosea. Mwanao bado mgonjwa. Sina uso wa kukuomba, lakini naomba usituache."

Halafu nikasikia sauti yake, taratibu.

"Mke mwenzangu, mwambie baba yako alete beseni la maji. Ukindu hausukwi mkavu."

Nilikimbia, wakuu. Beseni lilinidondoka njiani, nikarudi kujaza tena.

Begi lilirudi ndani. Ila adhabu niliipata. Vipande vyote alivikusanya, mikanda ya mabunzi, bangili, akavipanga avishone upya. Nasra akavua taji, akamnyooshea bibi yake, mwenyewe bila kuambiwa. Mama mkwe akamrudishia kichwani. Akasema hilo lako, ukili uliopungua atausuka aliyekata.

Kwa hiyo kila jioni nilikaa uani, bibi anamfundisha mjukuu, mimi nasikiliza kwa pembeni na kuiga. Huku kwetu kusuka ni kazi ya wanawake. Wateja walinifuata nyumbani kuulizia simu zao wakanikuta na ukindu mdomoni. Habari ikafika stendi. Mpaka leo kuna kijana wa bodaboda ananiamkia, "Shikamoo bibi."

Ukili wangu ulitoka umepinda, mahali pamelegea, mahali pana vinundu. Nikategemea mama mkwe ataufumua usiku ausuke vizuri. Hakuufumua. Akaushona vilevile, katikati ya mkeka.

Arobaini ikatoka, mtoto akalazwa hapo mbele ya watu, wanawake wakauliza huo mstari mbona hivi. Mama mkwe akajibu tu kwamba ni wa baba yake. Kesho yake akarudi Mohoro kwenye kilichobaki cha mpunga wake.

Wakuu, somo mmeliona. Chezeni na watoto, tengenezeni vitu, ila kitu cha mtu kiulizwe hata kama kuuliza kuna mzunguko. Na mtoto akisema kitu hiki cha fulani, weka mkasi chini. Mlionipongeza kwa lile taji, naomba mzichukue pongezi zenu.

Mwenye lililomkuta na wakwe aseme hapa chini, na kama kuna mtu anajua namna ya kumshukuru mama mkwe bila kumsogelea, anifundishe. Kunitukana pia ruksa.

Mimi naishia hapa, yule mdogo kaamka mkekani. Kila akiamka ana alama shavuni, pale panapolalia vinundu vya ukili wangu.