Siku Gari-Nyumba Langu Lilipogoma Kilima cha Uru

Enzi zetu hakuna aliyekuuliza kama utafika juu. Ulichoulizwa ni umebeba nini. Siku za gulio tulishuka Kiboriloni na mama kabla jua halijachomoza, yeye akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, mimi na kaka yangu Aloyce tukiwa na vikapu vya parachichi. Jioni tulipanda tena hadi nyumbani Uru na chumvi, dagaa na mafuta ya taa. Njia nzima kilima. Hakuna aliyethubutu kusema amechoka, maana mama alikuwa na jibu moja tu: "Mlima hauhami. Ukikaa, utaukuta hapohapo."

Leo mpwa wangu huita bodaboda akanunue vocha duka la kona, na akirudi analala kwanza.

Nyinyi wa rika langu mnajua ninachosema. Tuliamka na moshi wa kuni za mbuni uliokauka, tukanywa uji kwenye bakuli la bati lililomenyeka rangi, tukaenda shule pekupeku kwenye tope jekundu. Tulikuwa na viatu, lakini vilikuwa vya Jumapili. Tulichuma kahawa mpaka vidole vikanata. Mvua ikinyesha, tuliketi juu ya magome ya mgomba na kuteleza kutoka kwa mzee wa jirani hadi karibu na kanisa, kaptula na magauni yakachanika, tukachapwa, kesho yake tukateleza tena.

Na mgomba ulikuwa kila kitu. Uliezeka banda, ulilisha ng'ombe, ulifunga mzigo. Jani lake kavu lilikuwa kifuniko cha kila chombo kisicho na kifuniko. Kibuyu cha maziwa tuliyopeleka kituoni asubuhi kilizibwa kwa jani la mgomba. Chupa ya mafuta ya taa, jani la mgomba. Mtungi wa baba wa mbege, pombe yetu ya ndizi, jani la mgomba lililosokotwa vizuri, na ole wako akute limesokotwa upya na mkono usio wake. Naomba mlikumbuke hilo jani, nitalirudia.

Sasa niwakumbushe mfongo. Watoto wetu wakisikia mfongo wanadhani ni mtaro wa maji machafu. Huo ulikuwa mfereji waliouchimba mababu, ukitoa maji mtoni juu huko na kuyashusha kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo, kila nyumba kwa zamu yake. Mfongo wetu ulikuwa na bwawa. Usiku maji yalijaa bwawani, alfajiri mwenye zamu alifungua bomba la chuma lililotoka chini ya bwawa, maji yakashuka kwake. Bwawa lilikuwa mahali pa wazee. Mwanamke hakukanyaga ukingo wake, na msichana ndiyo kabisa. Walisema akikanyaga, maji yatahama.

Mwaka niliokuwa na miaka kumi, kiangazi kilikuwa kikali hata majani ya migomba yalikunjika kama mwavuli. Zamu yetu ilipofika, baba akafungua bomba. Maji yakaja kwa kishindo, yakafika kwenye mgomba wa tatu, yakakata. Akafunga, akasubiri, akafungua. Yakaja kwa kishindo, yakakata tena. Alipofungua kidogo, yalichuruzika tu, lakini hayakukatika. Wazee wa mfongo wakasema kuna mtu anaiba maji huku chini, wakamtaja jirani yetu, mikuki ikakaribia kushuka kutoka darini. Hakuna aliyetazama bwawa. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni, nani angelilaumu?

Baba alikuwa na mguu mbovu, akamtuma Aloyce aufuate mfereji mpaka juu. Aloyce, miaka kumi na miwili, alifika kwenye mteremko wa kanisa, akakutana na wenzake na magome ya mgomba, na safari yake ikaishia hapo. Nilimwona. Nikapita kimya, nikapanda peke yangu.

Mfereji wote ulikuwa mzima, hakuna palipobomoka. Nikafika bwawani, pasipokanyagika. Nikasimama ukingoni, kisha nikaingia na gauni langu, maji yakanifika kifuani, yakiwa baridi ya kuuma meno. Nikapapasa kwa mguu mpaka nikapata mdomo wa bomba. Juu yake lilikuwa limejibandika jani la mgomba, limevutwa na maji mpaka likawa kama ngozi ya ngoma. Hapo nikaelewa yote. Maji yakivuta sana, jani linabana. Maji yakifungwa, jani linaachia na kuelea pembeni likisubiri uvute tena. Nikalivuta, nikatoka nalo. Chini huko nikamsikia baba akipiga kelele kwamba maji yamekuja na hayakatiki.

Niliporudi nikiwa nimelowa, baba alinitazama gauni, kisha akatazama jani. Wazee walipouliza nani ameokoa mfongo, akajibu: Aloyce. Angesema nini? Binti yake alikuwa amekanyaga bwawa. Jioni ile Aloyce aliketishwa na wazee kwenye mbege, akapewa kipande cha ini, akakila akitazama miguu yake. Mimi nilipewa masufuria nioshe. Mama akanijazia mtori wa ndizi bakuli mpaka ukingoni, akaniwekea na mfupa wenye uboho, akaniinamia sikioni: "Kula, na unyamaze."

Nikala. Nikanyamaza. Lakini tumbo la hamu halikushiba.

Sitawachosha kwa habari za miaka ya ughaibuni. Niseme tu niliondoka na begi moja, nikaosha vyoo Ujerumani, nikajifunza lugha yao usiku, nikaingia chuo cha ufundi wa magari nikiwa mwanamke pekee darasani na mweusi pekee gerejini. Diploma yangu ipo ukutani, kwenye fremu ya kioo, na anayefika kwangu lazima aipite. Hakunishika mkono mjomba wala padri. Na mwaka huu nimerudi na gari-nyumba langu mwenyewe: lina vitanda viwili, jiko, sinki na choo, yote juu ya magurudumu sita. Nimelitoa bandarini Dar, nikaliendesha mwenyewe hadi Moshi.

Nililileta kwa sababu moja. Mama sasa ana miaka themanini na kitu, na uti wa mgongo umemgomea. Tangu mvua za masika alikuwa Rau kwa dada yetu Rosi, karibu na hospitali, na hawezi kuketi garini kwa muda mrefu. Alitaka kitu kimoja tu: Krismasi alale kihambani kwake. Nikamwambia, mama, utapanda Uru umelala kitandani. Akacheka hadi akakohoa.

Aloyce alishuka Rau kunipokea. Alikuja na madumu mawili ya dizeli, ile anayowekea mashine yake ya kumenya kahawa, akayamimina yote kwenye tangi langu. Nikamwambia sina shida ya mafuta. Akasema mgeni haji na mafuta yake.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Krismasi. Tukamlaza mama, Rosi akakaa pembeni yake, Aloyce akakaa mbele nami. Kwenye barabara ya tambarare gari lilikwenda kama bibi harusi. Kilima cha kwanza likaanza vizuri, katikati likaanza kulegea. Nikakanyaga, likalegea zaidi. Nikashusha gia, likakohoa, likasimama. Tukapumzika dakika kumi. Likawaka kama halina kosa, likapanda mita mia mbili, likalegea tena. Nyuma yangu foleni ya magari ya Dar yakirudi nyumbani kwa sikukuu, si mnajua Desemba yetu, na kila aliyenipita aliteremsha kioo. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alisimama akalitazama kwa huruma.

"Binti, nyumba yako imechoka," akasema. "Tuiletee kigoda?"

Nikarudi Rau kinyumenyume nusu ya njia. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikabadilisha chujio la dizeli, nikabadilisha chujio la hewa, nikakagua mabomba yote kwenye injini. Likapanda pale pale, likafia pale pale. Nikalipeleka kwa fundi mmoja kijana Kiboriloni mwenye kompyuta ya kupimia. Akaichomeka, akatazama kioo, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta msiba.

"Dada, turbo imekufa. Mashine haidanganyi. Itatoka Dar baada ya sikukuu."

Nami, mwenye diploma kwenye fremu, nilikaribia kukubali. Nikarudi kumweleza mama. Hakulalamika. Alisema "basi," akageukia ukuta. Neno hilo lilinikata kuliko kicheko cha kilima chote.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya gari nikiwa nimeshika kichwa. Nikaanza kurudia moyoni jinsi lilivyokuwa linafanya. Linaenda kwa kishindo, linakata. Linapumzika, linaenda kwa kishindo, linakata. Ukilidai kidogo kwenye tambarare, halikatiki. Nikarudia mara ya pili. Wimbo huo niliujua. Niliuelewa nikiwa na miaka kumi, nimesimama ndani ya maji ya kifuani.

Turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, ikishakufa haifufuki kwa kupumzika dakika kumi. Na sisi wote, mimi, fundi na kompyuta yake, tulikuwa tumekagua mfereji tukaacha bwawa. Mshale ulionyesha tangi limejaa, nani angelilaumu?

Nikachukua dumu safi, nikalijaza dizeli safi ya kituoni, nikalifunga imara nje ya injini. Nikautoa mpira unaoleta mafuta kutoka kwenye tangi nikaupeleka kwenye dumu, na ule wa kurudisha mafuta nao nikautumbukiza humo. Injini sasa ilikuwa inakunywa kwenye dumu, tangi limewekwa kando. Nikalipeleka gari kilimani. Lilipanda kama mbuzi. Nikaenda mpaka kwenye kona ya yule mzee wa majani, nikageuza, nikashuka, nikapanda tena kwa makusudi ili anione.

Nikarudi Rau, nikaifunga mipira yake mahali pake, nikamwaga tangi lote kwenye mabeseni ya Rosi, nikafungua kifuniko cha juu na kuvuta bomba la kunyonyea. Kwenye mdomo wake kulikuwa na jani la mgomba, kipande kama kiganja cha mtoto, limelainika kwa dizeli, limejibandika kwenye wavu kama ngozi ya ngoma.

Aloyce alikuwa amesimama pembeni ameshika tochi. Madumu yake yalikuwa yamepoteza vifuniko tangu mwaka juzi, naye aliyaziba kama baba alivyoziba mtungi wa mbege. Alilitazama lile jani. Akavua kofia.

Tukaosha tangi, nikalijaza upya, na mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, nikampandisha mama Uru amelala kitandani, dirisha wazi, mkono wake nje ukigusa majani ya migomba ya watu barabarani kama anawasalimia. Sikushusha gia hadi ya pili hata mara moja. Pale kwa mzee wa kigoda nilipiga honi. Mzee alinyoosha panga juu, akacheka na pengo lake lote. Yule kijana wa kompyuta nilimtumia picha ya jani. Alijibu kwa emoji ya mtu aliyefunika uso, na kesho yake akaniomba nimfundishe.

Krismasi ukoo mzima ulikuwa kihambani. Wazee kwenye viti, mbege ikizunguka, watoto wa mjini wakitafuta mtandao kwenye kila mti. Enzi zetu tungekuwa kwenye magome tunateleza. Leo mteremko wa kanisa una lami, bwawa limejaa udongo na mtu amepanda maharage juu yake, na mfongo unapitisha maji siku za mvua tu. Nilikwenda kusimama pale ukingoni, nikakanyaga nilivyotaka. Hakuna aliyenikataza, na hakukuwa na maji ya kuhama. Ningetoa gari-nyumba langu lote, na sinki lake, niyasikie tena yakija kwa kishindo alfajiri, baba akipiga kelele kule chini.

Nilipokata nyama, desturi ikataka ini lianzie kwa kaka mkubwa. Aloyce akapokea sahani, akasimama nayo mbele ya wote. Nilidhani atatoa sala.

"Hiki kipande nilikila miaka arobaini iliyopita, na hakikuwa changu," akasema. "Mfongo ule aliuzibua huyu Filomena, dada yangu. Mimi nilikuwa nateleza. Na juzi nimeuziba tena, akauzibua tena."

Akavuka uwanja wote na sahani yake, akaniwekea mapajani. Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna, akasema maji ya mwaka ule kumbe hayakuhama. Wengine wakaanza kupiga makofi.

Mama alikuwa amelazwa kwenye godoro barazani kwake, shingo ameiinua aone vizuri. Akaniita kwa kidole kama nilipokuwa mdogo. Nikaenda na sahani yangu, nikainama, akanishika sikio.

"Kula," akaniambia. "Na leo useme."